Msalaba wa shaba niliouona mara mbili

Kwetu Kolwezi mtoto alijua shaba kabla ya kujua kusoma. Sirini ya asubuhi ilikuwa ya shaba, maana iliita baba zetu kazini. Posho ilikuwa ya shaba, masomo yalikuwa ya shaba, hata mkoa wetu wenyewe, tangu 1971 mpaka 1997, uliitwa Shaba. Kama ungeniuliza mimi, mtoto wa kambi, shaba ilitoka wapi, ningekujibu bila kufikiri: ilitoka kwa Kampuni. Bazungu walikuja, wakaiona chini ya ardhi, wakaichimba, na siye tukaja kufanya kazi. Ndivyo tulivyojua. Hakuna aliyetufundisha kwa makusudi kusadiki hivyo, lakini hakuna pia aliyetuambia vingine.

Ndugu msomaji, katika kitabu hiki wengine wameandika juu ya ngoma, juu ya ndoa na juu ya majina. Mimi nataka kuandika juu ya kitu kimoja kidogo cha shaba, chenye mikono minne, nilichokiona kwanza nyumbani na kisha nyuma ya kioo. Na nataka kusema pia kile nilichokifanya nacho baadaye, ijapokuwa si jambo la kujisifia.

Nilikuwa na miaka 12. Ilikuwa kiangazi cha 1984, karibu na mwisho wa mwaka wa masomo. Mwalimu wetu wa darasa la sita alitangaza kwamba wale watakaofaulu vizuri atawapeleka Lubumbashi kuona mize, yaani makumbusho. Wengi wetu hatukujua mize ni kitu gani. Mwenzangu mmoja alisema ni nyumba wanamofungia vitu vya wachawi. Mwingine akasema hapana, ni nyumba ya wafu. Kwa hiyo tulisoma kwa bidii na kwa woga pamoja.

Tulipanda treni jioni. Tuliamka tukiwa Tenke, pale reli zinapokutana, tukanunua ndizi dirishani. Kisha Fungurume, kisha Likasi, na mwisho wake Lubumbashi, mji wenye barabara pana ambazo kwetu tulikuwa tunazisikia tu katika habari za wakubwa. Mama alikuwa amenifungia bukari na samaki katika kitambaa, na mpaka leo nikisikia harufu ya samaki mkavu, nakumbuka safari ile.

Kitu cha kwanza nilichokisikia katika makumbusho kilikuwa baridi. Nje jua lilikuwa kali, mavumbi mekundu yametujaa miguuni, na ndani kulikuwa na ubaridi kama kisimani. Kitu cha pili kilikuwa kimya. Sisi watoto 30 na zaidi, ambao katika treni tulipiga kelele mpaka wasafiri wakatugombeza, tulinyamaza wenyewe. Hakuna aliyetuambia. Niliangalia uso wa mask moja ya Wachokwe, uso wa mwanamke aliyefumba macho nusu, nikaona kama ananisubiri nipite kwanza ndipo ayafumbue. Nikapita mbio.

Mzee mmoja mlinzi ndiye alituongoza. Alikuwa na koti la kaki na sauti ndogo. Alisema:

— Batoto, hapa tunaangaliaka na macho. Mikono ikae mu mifuko.

Alituonyesha viti vya wakubwa wa Waluba, mito ya miti ya kulalia kichwa, vyungu vyembamba vilivyofukuliwa. Halafu akasimama mbele ya kabati moja la kioo. Ndani yake kulikuwa na misalaba ya shaba, mikubwa na midogo, imepangwa safu. Mingine ilikuwa mirefu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka vidole. Mingine ilikuwa midogo kuliko kidole gumba. Bazungu waliiita *croisette*, na siye tunatamka krwazeti.

— Hii njo mukuba ya bankambo yenu, alisema yule mzee. Haikutoka kwa Bazungu. Bazungu balikuta batu bakiifanya.

Sijui wenzangu walisikia nini. Mimi nilisikia kama mtu amenivuta shati kwa nyuma. Maana kitu kile nilikuwa nakijua! Nkambo wangu, baba wa mama, alikuwa nacho kimoja nyumbani, kimefungwa katika kitambaa cheusi, ndani ya sanduku la mabati chini ya kitanda. Nilikuwa nimekiona mara mbili au tatu, nikadhani ni chuma fulani cha kazi alichokileta kutoka mgodini.

— Mwalimu, kwetu iko moja, nilisema.

Darasa zima lilicheka. Mmoja akasema: «Muongo weye! Ulipata wapi kitu ya mize?» Mwalimu hakucheka, lakini hakuniuliza zaidi. Mzee mlinzi peke yake aliniangalia, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesema eeh, inawezekana. Kisha akataka kusema kwamba misalaba ileile ilikuwa katika bendera, lakini mwalimu akakohoa, naye akakatiza neno lake akatupeleka chumba kingine. Nilikuja kuelewa kikohozi kile nilipokuwa mkubwa. Katanga ya Moïse Tshombe, kati ya 1960 na 1963, iliweka misalaba mitatu ya shaba katika bendera yake, na mmoja katika sarafu zake za 1961. Wakati wa Mobutu habari hiyo haikuzungumzwa mbele ya watoto.

Sasa niseme kidogo yale niliyojifunza baadaye, ili msomaji kijana aelewe mlinzi yule alikuwa anasema kweli.

Kabla ya Kampuni, kulikuwa na mafundi wa shaba katika nchi hii kwa zaidi ya miaka 1000. Walichimba mahali penye mawe ya kijani, malakiti, yale yale ambayo leo watu wa Kolwezi wanayachonga vyombo na shanga za kuuza. Kazi ilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, maana wakati wa mvua mashimo hujaa maji. Wanawake na watoto waliokota na kuchagua mawe, wanaume wakashuka katika mashimo na mashoka ya chuma. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule hauvunjiki mbele ya moto. Makaa yalitoka katika miti migumu, hasa mubanga. Mivukuto ya ngozi ilipuliza upepo ndani mpaka jiwe likalia machozi mekundu. Shaba ile iliyeyushwa tena, ikamiminwa katika kalibu yenye umbo la msalaba. Haikuwa kazi ya kila mtu. Fundi mkubwa alikuwa na siri zake, alijipaka pemba nyeupe, akaomba wazee waliotangulia, ndipo moto ukawashwa. Watu hao, kati yao Wasanga na baadaye Wayeke, waliitwa walaji wa shaba, maana shaba iliwapatia chakula kama vile shamba linavyompa mkulima.

Misalaba hiyo ilitembea mbali. Ilitumika katika mahari, katika kodi kwa wakubwa, katika biashara na milki za Waluba na Walunda, na shaba ya Katanga ikafika mpaka pande za bahari zote mbili, ile ya Angola na ile ya Zanzibar. Shaba ndiyo iliyomnenepesha Msiri pale Bunkeya, na shaba ndiyo moja ya sababu zilizowaleta Bazungu mlangoni mwake. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka uliofuata Jules Cornet, mjuzi wa mawe kutoka Ubelgiji, alitembea katika nchi akiandika mahali penye shaba. Lakini wajuzi wale waligundua nini hasa? Mara nyingi walionyeshwa mashimo ya wenyeji, kama yale ya Dikuluwe karibu na mji wetu. Union Minière ilianzishwa 1906, na mji wa Kolwezi ukaja 1937. Hesabu mwenyewe: Kampuni ni mtoto mdogo katika habari hii.

Na vile vyungu vyembamba? Katika bonde la Upemba, kwenye ziwa Kisale, kuna kijiji kinachoitwa Sanga. Kipo juu ya mto uleule wa Lualaba unaopita kwetu Nzilo, ila ni mbali chini kuelekea kaskazini. Hapo wataalamu walifukua makaburi ya zamani: Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret katika miaka ya 1970. Walikuta watu wamelazwa na vyungu vyao, bangili zao na misalaba ya shaba. Katika makaburi ya karne ya 13 na zile zilizofuata, msalaba ulikuwa mkubwa na uliwekwa kifuani. Katika makaburi ya baadaye misalaba ni midogo, mingi, na imewekwa karibu na mikono, kama vile mtu anavyoshika feza. Kwa hiyo wataalamu wanasema kwamba kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa feza.

Makumbusho yale ya Lubumbashi yenyewe yalianzishwa 1946 na Francis Cabu, yakaitwa kwa jina la Léopold II, mfalme ambaye hakukanyaga nchi yetu hata siku moja. Baada ya Taasisi ya Makumbusho ya Taifa kuundwa 1970, yakaingia chini ya taifa. Haya yote sikuyajua siku ile. Nilijua tu kwamba kitu cha nkambo kilikuwa katika kabati la kioo, na watu walikuwa wanakipitia kwa kimya.

Niliporudi Kolwezi sikungoja hata kula. Nilimkuta nkambo nje, chini ya mwembe, nikamweleza yote: baridi, kimya, uso wa Wachokwe, misalaba. Nilitegemea atafurahi. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye habari ya makaburi, ndipo akanisimamisha.

— Balitoa bale batu mu kaburi?

— Ndiyo, nkambo. Ni zamani sana.

— Na balibarudisha?

— Sijui, nkambo.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema:

— Uliona muzuri, mwana. Lakini uliona nusu. Nusu ingine njo ile benye kulala balikuwa nayo.

Nilikasirika kidogo, niseme kweli. Nilikuwa nimeleta habari nzuri, naye ananiuliza juu ya wafu. Leo ninaelewa kwamba aliuliza swali ambalo makumbusho ya dunia nzima, tangu Kinshasa mpaka Tervuren kule Ubelgiji, bado hayajamaliza kulijibu. Kitu kinachotushangaza nyuma ya kioo kilikuwa cha mtu. Nani alimuomba?

Usiku ule nkambo alitoa sanduku, akafungua kitambaa, akaweka msalaba juu ya magoti yangu. Ulikuwa mzito, karibu kilo moja, na mkono mmoja ulikuwa na pengo kama jino lililong'oka. Akanieleza kwamba ulikuwa mmoja kati ya ile iliyotolewa kwa mahari ya nkambo wake mwanamke. Mingine ilikwenda kwa wajomba, ikatumika, ikapotea. Huu mmoja ulibakishwa ili watu wasisahau kwamba yule mama hakuja kwa miguu mitupu, alikuja kwa heshima.

— Hii hapana ya kuuzisha, alisema. Hii ni mutu.

Nikamwambia ingefaa tuipeleke mize, iwekwe na ile mingine. Akacheka. Akasema msalaba huu bado uko kazini, haujapata pensheni.

Nkambo alikufa 1989. Sanduku lilibaki kwa mama, na kwa sababu mimi ndiye niliyejua habari yake, mama alinipa ufunguo.

Wale waliokuwa Kolwezi wakati ule hawahitaji nieleze yaliyofuata. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 askari na watu wakapora miji. Mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, tukawaona wakilala na watoto kwenye stesheni, wakingoja treni. Mishahara ikaja kwa kuchelewa, kisha isije. Masomo yakafungwa, yakafunguliwa, yakafungwa. Na katika mji huo ambao shaba ilikuwa imeujenga, watu wakaanza kuuza shaba ya chakavu: nyaya, mabomba, vipande vya mashine. Wanunuzi walikaa nyuma ya soko na mizani. Hawakuuliza kitu kilitoka wapi.

Mwaka 1993 mama aliugua. Nilikuwa na miaka 21, sina kazi. Tuliuza redio, tukauza baiskeli, tukauza viti. Asubuhi moja nilifungua sanduku, nikachukua msalaba pamoja na kile kitambaa cheusi, nikaenda nyuma ya soko. Hakuna aliyenituma. Mama hakujua.

Mnunuzi aliuweka katika mizani juu ya fungu la nyaya zilizochomwa. Aliusukuma kwa kidole ili ukae vizuri. Mimi nilisimama pale na maneno yote ya yule mzee mlinzi kichwani: bankambo, mukuba, miaka mamia na mamia. Sikusema hata moja. Ningesema nini? Kwamba ni mutu? Mizani haina mahali pa kusoma jambo hilo. Ilisoma kilo, nikapewa feza za kilo. Nilinunua dawa, na unga wa bukari wa siku chache. Mama alipona. Kitambaa cheusi nilikirudisha ndani ya sanduku, na kipo mpaka leo.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili uniseme vizuri au vibaya. Mama aliishi, na kwa hilo sijutii. Kinachoniuma ni kwamba mimi nilikuwa najua. Mtu asiyejua anapouza kitu cha wazee kwa kilo, tunasema ni ujinga. Mimi nilikuwa nimekiona kitu hicho kikiheshimiwa, nikiwa mtoto, mpaka nywele zikanisimama. Hata hivyo njaa ilikuwa na nguvu kuliko mshangao wangu. Ndipo nilipojua kwamba mshangao wa mtoto ni mbegu tu. Usipoizungushia ua, mbuzi wa kwanza anapita nayo. Sikuwa nimeandika habari ya msalaba popote. Sikuwa nimeupiga picha. Sikuwa nimewaeleza wadogo zangu. Ulikuwa katika sanduku na katika kichwa changu, na siku ile vyote viwili vilikuwa na njaa.

Miaka ilipita. Mwaka 2000, watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, walianza kazi ya kukusanya kumbukumbu za mji, na wakaazi wakaalikwa waonyeshe katika makumbusho vitu vyao vya nyumbani, pamoja na maneno yao wenyewe. Niliposikia habari hiyo nilifikiri: kumbe mtu anaweza kuazima kitu chake kwa kabati la kioo na bado kikabaki chake! Hilo ndilo nkambo angelikubali pengine.

Mwaka 2012 nilimpeleka binti yangu Lubumbashi. Alikuwa na miaka 11. Nilitaka kuona kama yeye pia angenyamaza, na kweli alinyamaza. Mbele ya misalaba alisimama muda, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

— Baba, ulisema kwenu ilikuwa moja. Iko wapi?

Nilimweleza pale pale, tukiwa tumesimama, tangu mahari mpaka mizani. Hakusema kitu. Aliporudi nyumbani alichukua daftari la masomo, akaniambia nirudie polepole: jina la nkambo, jina la nkambo wake mwanamke, pengo katika mkono mmoja, rangi ya kitambaa. Akachora msalaba. Mchoro si mzuri sana, lakini pengo lipo mahali pake.

Leo Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, tangu 2015. Kamioni zinapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, zimebeba shaba na kobalti ambayo dunia nzima inaitafuta kwa ajili ya betri. Kasulo, tangu 2014, watu walichimba hata chini ya vitanda vyao. Makumbusho mapya ya taifa yamejengwa Kinshasa, yakafunguliwa 2019, na ni jambo jema. Lakini Kinshasa ni mbali, na mambo ya nyumbani kwako hayatafika kule yenyewe.

Kwa hiyo ninaomba kitu kidogo. Leo jioni, muulize mzee wa nyumba yako kama kuna kitu alichopewa na aliyempa jina lake. Kinaweza kuwa mto wa kulalia kichwa, mbuzi ya kukunia, shoka, bangili. Kinaweza kuwa kipo au kimekwisha kuuzwa. Usimgombeze kama kimeuzwa, maana hujui ilikuwa siku ya namna gani. Uliza tu kilikuwa cha nani, kilikuja kwa sababu gani, na kilikuwa na alama gani. Kisha kamata daftari, uandike.